Litiamu imepotelea wapi? Kemia ya maji chumvi katika nyanda za chumvi za Andes

Swali la msomaji

Nilitengeneza lita 10 za maji chumvi kwa muundo unaokaribia ule wa Salar de Uyuni, uwanda wa chumvi wa Bolivia. Kila lita ilikuwa na sodiamu gramu 85, potasiamu 13, magnesiamu 13, litiamu 0.7 na salfeti 16, kloraidi ikikamilisha kilichobaki. Niliyaweka yote katika beseni moja pana chini ya taa ili yavukize. Mwishowe chumvi ilijaa beseni, na kioevu kilichobaki kikawa kizito kama mafuta, kikagoma kabisa kukauka. Nilipokimimina nilipata kama nusu lita, na ndani yake litiamu gramu 3.5 tu kati ya gramu 7 nilizoanza nazo. Nusu nyingine imekwenda wapi? Na kwa nini Uyuni, iliyo kubwa kuliko zote, imepitwa katika uzalishaji na nyanda zilizo ndogo zaidi?

Jibu

Litiamu yako haijapotea. Karibu yote unayoitafuta imo bado ndani ya lile beseni, imeshikwa na unyevu ulio katikati ya chembe za chumvi. Hesabu yake nitaifanya hapa chini kwa tarakimu zako mwenyewe. Ila maswali yako yote, la nusu iliyopungua, la kioevu kilichogoma na la Uyuni kupitwa, yana mzizi mmoja. Ukitaka kuyajua maji chumvi, usiishie kuuliza yana litiamu kiasi gani. Uliza litiamu hiyo imechanganyika na nani, na hao wenzake wanatoka katika hatua gani.

Tuanze na asili ya maji yenyewe. Nyanda za chumvi za Andes ni mabonde yasiyo na mlango wa kutokea baharini. Mvua, theluji iliyoyeyuka na maji ya chemchemi za moto hupita katika miamba ya majivu ya volkano, huyeyusha litiamu, boroni, potasiamu, magnesiamu na sodiamu, kisha hutiririka hadi mahali pa chini kabisa na kukaa hapo. Maji ya chemchemi za El Tatio, zilizo kwenye mwinuko wa takribani mita 4,300 kule Chile, ni mfano mzuri: yana makumi ya miligramu za litiamu kwa lita yangali mabichi. Jua kali na hewa kavu hufanya kazi iliyobaki kwa maelfu ya miaka.

Maji yanapokolea, chumvi hazitoki zote kwa pamoja. Ya kwanza ni kalsiti, yaani kalsiamu kaboneti, kwa sababu ndiyo isiyoyeyuka kwa urahisi. Hapo ndipo pana njia panda ya kwanza, iliyoelezwa vizuri na wanajiokemia Hardie na Eugster mwaka 1970. Kalsiamu na kaboneti hutoka mkono kwa mkono, ayoni moja kwa moja. Iliyokuwa pungufu kidogo mwanzoni huisha kabisa, na iliyozidi kidogo hubaki na kuendelea kukolea. Kaboneti ikizidi, maji huwa ya magadi, na katika maji ya namna hiyo magnesiamu nayo hutolewa mapema. Ziwa Zabuye la Tibet, kwenye mwinuko wa takribani mita 4,400, liko katika kundi hili, na ndiyo maana litiamu kaboneti hujitengeneza humo yenyewe kama madini, yanayoitwa zabuyeliti.

Kalsiamu ikizidi, safari huendelea hadi njia panda ya pili, ambayo ni jasi. Kalsiamu na salfeti hutoka pamoja kwa mtindo uleule. Salfeti ikizidi, unapata maji ya kloraidi na salfeti, kama sehemu kubwa ya Uyuni. Kalsiamu ikizidi, unapata maji ya kalsiamu kloraidi, yenye salfeti kidogo sana. Katika Salar de Atacama ya Chile aina zote mbili zimo ndani ya bonde moja, na wahandisi huzitumia kwa faida yao: huchanganya maji yenye kalsiamu na yale yenye salfeti ili jasi itoke na kuchukua salfeti kabla haijaanza kuleta madhara. Madhara yenyewe tutayafikia.

Baada ya jasi huja haliti, yaani chumvi ya kawaida, nayo ndiyo inayofanya ule ukoko mweupe uliofunika zaidi ya kilomita za mraba 10,000 pale Uyuni. Litiamu haiingii ndani ya fuwele za haliti. Ayoni yake ina nusukipenyo cha pikomita 76, ya sodiamu 102, na zaidi ya hapo litiamu hushikilia molekuli za maji kwa nguvu kubwa mno. Litiamu kloraidi huyeyuka hadi gramu 84 hivi katika gramu 100 za maji, wakati chumvi ya kawaida inaishia gramu 36. Kwa hiyo sodiamu inashuka, litiamu inabaki juu. Mpaka hapo kila kitu kinakwenda vizuri.

Tatizo ni magnesiamu. Ayoni yake ina pikomita 72, karibu sawa na litiamu, nayo hushikilia maji kwa nguvu vilevile. Inabaki kwenye kioevu pamoja na litiamu karibu hadi mwisho, na inapoanza kutoka haitoki peke yake.

Dari ya magnesiamu

Hapa ndipo jibu la Uyuni lilipo. Mmumunyo wa magnesiamu kloraidi ulioshiba una takribani gramu 120 za magnesiamu kwa lita, kwenye nyuzi 25. Ukifika hapo, fuwele za bishofiti (MgCl₂·6H₂O) zinaanza kutoka. Sasa gawanya 120 kwa uwiano wa magnesiamu na litiamu wa maji uliyonayo, utapata ukolezi wa litiamu siku hiyo dari itakapofikiwa.

Kwa maji yako uwiano ni 13 kwa 0.7, yaani karibu 18.6. Ukigawanya unapata gramu 6.5 za litiamu kwa lita. Kwa Atacama, uwiano ukiwa takribani 6.4, unapata gramu 19. Kwa Salar del Hombre Muerto ya Argentina, uwiano ukiwa kama 1.4, unapata zaidi ya gramu 80. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa kloraidi ya litiamu yenyewe hupunguza uyeyukaji wa magnesiamu kadiri inavyoongezeka, na dari halisi huwa chini kidogo. Ila mpangilio wa nyanda hizo tatu haubadiliki.

Ona jinsi uwiano unavyoshinda kiasi. Hombre Muerto ina takribani miligramu 600 hadi 700 tu za litiamu kwa lita. Ni chini ya nusu ya Atacama, yenye wastani wa kama 1,500, na baadhi ya maji ya Uyuni karibu na mdomo wa Río Grande yanaipita kabisa. Lakini magnesiamu yake ni kidogo, basi kazi inakuwa nyepesi. Uyuni ina hazina kubwa mno, ila imefungamana na magnesiamu na salfeti nyingi, na pia iko mita 3,650 juu, mahali penye masika ya kweli yanayofunika uwanda wote kwa maji na kurudisha nyuma kazi ya mabwawa. Atacama iko chini zaidi, kama mita 2,300, na mvua karibu haipo.

Baada ya bishofiti kuanza, litiamu bado inaweza kuendelea kupanda. Pale Atacama mabwawa ya mwisho hufikia takribani asilimia 6 ya litiamu kwa uzito, baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu wa kuhamishwa bwawa hadi bwawa. Lakini mwishoni hutoka karnaliti ya litiamu (LiCl·MgCl₂·7H₂O), na hapo kila gramu ya magnesiamu inayoshuka inavuta litiamu pamoja nayo. Chumvi hiyo haitupwi. Husuuzwa kwa maji chumvi hafifu ili litiamu irudi kwenye mzunguko.

Hesabu ya gramu zako 3.5

Maji yako yalikuwa na karibu kilo 2.2 za chumvi ya kawaida katika lita 10. Ulipofikia litiamu gramu 7 kwa lita, yaani mara kumi ya mwanzo, karibu chumvi yote hiyo ilikuwa imeshatoka, pamoja na sehemu kubwa ya potasiamu. Tuseme kilo 2.4 za fuwele. Lundo la fuwele lililochujwa kwa uzito wake tu, bila kukamuliwa, hubaki na kioevu cha takribani sehemu moja kwa tano ya uzito wote wa lundo bichi. Kilo 2.4 kavu ni kilo 3 bichi, na ndani yake mna gramu 600 za kioevu. Kwa densiti ya 1.3, hiyo ni lita 0.46. Zidisha kwa gramu 7 kwa lita: gramu 3.2.

Hiyo ndiyo nusu yako. Zinabaki kama gramu 0.3 tu za kutafutiwa maelezo mengine, na salfeti inatosha kuzieleza.

Sasa angalia ingekuwaje kama ungemimina kioevu mapema, kilipokuwa kimekolea mara tatu tu. Wakati huo zingekuwa zimetoka kama kilo 1.8 za chumvi, zikishika gramu 450 za kioevu, yaani lita 0.36 kwa densiti ya 1.25. Lakini litiamu yake ingekuwa gramu 2.1 kwa lita, kwa hiyo ungeacha gramu 0.76 tu, yaani asilimia 11. Chumvi ni karibu ileile na unyevu ni karibu uleule. Tofauti kubwa ni kwamba unyevu huo haujakolea litiamu. Kwa sababu hii mabwawa ya viwandani hujengwa kwa mfululizo, na beseni moja haliwezi kamwe kufanya kazi hiyo vizuri, hata taa iwe kali namna gani.

Ukitaka kuthibitisha kabla ya kuniamini, tumia magnesiamu kama alama. Chukua gramu 50 za chumvi bichi, iyeyushe yote, pima magnesiamu na litiamu. Kwa kuwa haliti haina magnesiamu, kiasi unachokikuta kinakuambia ni mililita ngapi za kioevu zilizoshikwa. Zidisha mililita hizo kwa ukolezi wa litiamu wa kioevu, upate litiamu inayotarajiwa. Litiamu ikizidi hapo, ile ziada imo ndani ya fuwele zenyewe. Tahadhari: njia hii inafaa katika hatua ya haliti na silviti (potasiamu kloraidi) tu. Karnaliti (KCl·MgCl₂·6H₂O), au kainiti na sheniti, ambazo ni chumvi za potasiamu, magnesiamu na salfeti, zikishaanza, magnesiamu imeingia kwenye fuwele na alama haifai tena.

Salfeti na chumvi mbili-mbili

Maji yako yana gramu 16 za salfeti kwa gramu 0.7 za litiamu. Ni nyingi. Litiamu ikishakolea kiasi, salfeti iliyobaki huishika na kutoka nayo kama litiamu salfeti yenye maji (Li₂SO₄·H₂O), au pamoja na potasiamu kama LiKSO₄. Chumvi hizi ni fuwele ndogo zilizochanganyika na haliti; hutaziona kwa macho, na kuzirudisha kwenye kioevu ni kazi ngumu kuliko kuzizuia zisitokee.

Dawa yake ni kuiondoa salfeti mwanzoni. Gramu 16 ni moli 0.167, inayohitaji moli 0.167 za kalsiamu. Ukitumia kalsiamu kloraidi yenye molekuli mbili za maji, ni gramu 24.5 kwa lita, au 245 kwa lita zako 10. Mimi ningeweka 220 tu. Afadhali ibaki salfeti kidogo kuliko kuzidisha kalsiamu, maana kalsiamu kloraidi iliyozidi hunyonya maji na kukusumbua mbele ya safari. Iyeyushe kwanza katika maji machache, itie polepole huku ukikoroga, na uache usiku kucha. Jasi huchelewa kukamilika kutoka. Ukichuja baada ya saa moja, iliyosalia itatoka ndani ya mabeseni yanayofuata. Utapata karibu gramu 260 za jasi, na kwa kuwa kioevu bado ni hafifu, litiamu itakayoshikwa nayo ni kidogo mno. Kanuni ya kukumbuka katika kazi hii yote: shapo lolote (kigumu kinachojitenga na kioevu) la kutolewa litolewe mapema iwezekanavyo.

Baridi nayo hufanya kazi kama hiyo. Usiku wa kipupwe kule juu hushuka chini ya nyuzi 0, na sodiamu salfeti ni chumvi inayopoteza uyeyukaji kwa kasi ikipoa: gramu 50 hivi katika gramu 100 za maji kwenye nyuzi 32, chini ya gramu 5 kwenye nyuzi 0. Kwa hiyo mirabiliti (Na₂SO₄·10H₂O) hutanda chini ya bwawa alfajiri, na mchana ikipata joto huyeyuka tena. Anayeivuna kwa wakati wake amepunguza salfeti bila kununua kitu. Anayeiacha huipata tena.

Kwa nini kioevu kiligoma kukauka

Kioevu chako kilikuwa kimelingana na hewa ya chumba. Maji hutoka kwenye mmumunyo pale tu hewa inapokuwa kavu kuliko mmumunyo wenyewe unavyoruhusu. Chumvi ya kawaida iliyoshiba huacha kuvukiza hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75. Magnesiamu kloraidi iliyoshiba, asilimia 33. Litiamu kloraidi iliyoshiba, asilimia 11. Kwa hiyo chumba chenye unyevu wa asilimia 60 kinatosha kabisa kutoa haliti, lakini kioevu cha magnesiamu kitakaa hivyohivyo mwaka mzima, na siku ya mvua kitaongezeka kwa kunyonya maji ya hewani. Feni haisaidii chochote, kwa kuwa inaleta hewa ileile. Kinachosaidia ni kupasha joto hewa inayopita juu ya kioevu, au kukiweka ndani ya sanduku lenye kikaushio.

Mchana wa nyanda za juu una hewa kavu mno, na ukavu huo una umuhimu kuliko jua lenyewe katika mabwawa ya mwisho. Ndiyo sababu pia mabwawa yanapungua kasi kadiri yanavyokolea, hata jua likiwa lilelile. Mhandisi anayekadiria eneo la mabwawa yake kwa uvukizi wa maji matamu atajenga mabwawa madogo kuliko yanayotakiwa.

Usijaribu kuharakisha kwa kuchemsha. Mpangilio wa chumvi hubadilika na joto. Magnesiamu salfeti inayotoka na molekuli sita au saba za maji kwenye hewa ya kawaida hutoka na molekuli moja tu ukichemsha, na matokeo yako hayatakuwa tena mfano wa bwawa lolote. Ningekaa kati ya nyuzi 20 na 30.

Rudia hivi

Andaa mabeseni manne. La kwanza lipokee maji yaliyokwisha kutolewa salfeti. Usifuate kiwango cha maji kwa macho. Fuata magnesiamu, kwa kuwa ndiyo inayokuambia umekolea mara ngapi. Ikifika gramu 39 kwa lita, mimina kioevu kwenye beseni la pili. Chumvi iliyobaki iweke kwenye chekecheke iliyoinamishwa, iache ichuruzike usiku kucha, kisha isuuze kwa kumwagia taratibu kama mililita 400 za maji chumvi mabichi uliyoyahifadhi mwanzoni. Yameshakaribia kushiba chumvi ya kawaida, kwa hiyo hayatayeyusha lundo lako, nayo yana litiamu theluthi moja ya kile kinachosukumwa nje. Mchuruziko huo urudishe kwenye beseni la kwanza kwa mzunguko ujao. Maji matamu yasitumike hapa: yatayeyusha gramu 36 za chumvi kwa kila gramu 100 na kukurudisha mwanzo.

Beseni la pili lifikishe hadi magnesiamu gramu 70 hivi. Humo haliti huendelea, na potasiamu huanza kutoka kama silviti (KCl). La tatu ni la karnaliti. Litambue kwa vipimo, maana kwa macho fuwele zake hufanana na nyingine: potasiamu ya kioevu hushuka ghafla hadi karibu kuisha. La nne ni la bishofiti, na katika muundo wa Uyuni ningeishia hapo mlangoni, litiamu ikiwa gramu 6 hadi 7, bila kusubiri bishofiti yenyewe. Kuanzia hapo kemikali hufanya kazi vizuri kuliko uvukizi.

Makosa ya vipimo

Nusu ya malalamiko ya litiamu iliyopotea huzaliwa kwenye maabara, hivyo pitia haya kwa makini.

Miligramu kwa lita na miligramu kwa kilo ni vitu tofauti. Kwa densiti ya 1.2 hadi 1.3, ukivichanganya umekosea kwa asilimia 20 hadi 30. Pima densiti ya kila sampuli kwa hidromita na uiandike pembeni ya namba.

Usiweke sampuli isiyozimuliwa kwenye jokofu. Chumvi zitatoka chini ya chupa, na utakachonyonya juu si sampuli tena. Chuja mara moja kwa chujio la mikromita 0.45, pima gramu 1 kwenye mizani, ongeza maji yaliyotoneshwa hadi gramu 100, kisha rudia kuzimua mara kumi. Zimua kwa mizani na si kwa pipeti. Kioevu kizito huacha tabaka kwenye kuta za pipeti, na kosa hilo daima huwa la upande mmoja, la kupunguza.

Ukipima litiamu kwa mwali au plazima, kwenye mstari wa nanomita 670.8, sodiamu nyingi iliyomo hubadilisha mwanga wa litiamu. Weka kiasi kilekile cha sodiamu kwenye mimumunyo yako ya kulinganishia, na ongeza sesiamu kloraidi kwenye sampuli na vilinganishi vyote.

Jumla ya chumvi usiipate kwa kukausha kwenye nyuzi 180. Magnesiamu kloraidi yenye maji huvunjika kwa joto na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi. Uzito unaoupima hauhusiani na ulichoanza nacho. Pima kila ayoni, kisha jumlisha. Hakikisha na mlinganyo wa chaji. Kwa maji yako, sodiamu inatoa moli 3.70 za chaji kwa lita, magnesiamu 1.07, potasiamu 0.33, litiamu 0.10, jumla 5.20. Salfeti inachukua 0.33, inabaki 4.87 kwa kloraidi, yaani gramu 172.5 kwa lita. Pande mbili zikipishana kwa zaidi ya asilimia 5, kuna kipimo kimoja kimekosewa; kitafute kabla ya kuendelea.

Kuondoa magnesiamu, kisha kupata kaboneti

Magnesiamu iliyobaki hutolewa kwa chokaa iliyozimwa: kalsiamu haidroksaidi inaingia, magnesiamu haidroksaidi inatoka. Kila gramu ya magnesiamu inadai gramu 3.05 za chokaa. Kwa uwiano wako wa 18.6, hiyo ni kilo 57 za chokaa kwa kila kilo ya litiamu. Kwa Hombre Muerto ni kama kilo 4.3. Namba hizo mbili zinaeleza uchumi wa nyanda hizo kuliko ramani yoyote ya ukubwa wao.

Shapo la magnesiamu haidroksaidi ni kama uteute. Huziba chujio na kushika kioevu kingi. Tia chokaa kwa mafungu matatu au manne, ikiwa imekorogwa kwenye maji chumvi yenyewe ili usizimue, uache saa kadhaa kati ya fungu na fungu, na uweke kidogo cha shapo la zamani ili chembe mpya zikue juu yake. Husuuzwa mara mbili, na maji ya kusuuzia yarudi kwenye beseni. Faida moja ya ziada: boroni kiasi huondoka pamoja na shapo hili. Boroni ikibaki nyingi, viwandani huigeuza kuwa asidi ya boriki kwa kutia tindikali, halafu huivuta kwa alkoholi ndefu isiyochanganyika na maji.

Chokaa imeacha kalsiamu ndani. Iondoe kwa sodiamu kaboneti kidogokidogo ukiwa kwenye joto la chumba, chuja, ndipo upashe joto hadi nyuzi 80 au 90 na kutia sodiamu kaboneti ya kutoa litiamu. Kikanuni ni gramu 7.64 kwa kila gramu ya litiamu. Ongeza asilimia 5 juu yake. Joto ni la lazima kwa sababu litiamu kaboneti ina tabia ya kinyume: gramu 1.33 huyeyuka katika mililita 100 za maji kwenye nyuzi 20, na gramu 0.72 tu kwenye nyuzi 100. Kule mita 3,650 juu maji safi huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, na mitambo huko hupangwa kwa kulijua hilo.

Hata kwenye joto hilo, karibu gramu 1.4 za litiamu hubaki katika kila lita ya kioevu cha mwisho. Ukianza na gramu 7 kwa lita na kuongeza mililita 200 za mmumunyo wa sodiamu kaboneti, unaacha gramu 1.7, karibu robo. Kioevu hicho kirudishe kwenye beseni la kwanza. Wanaotumia vichujio vya kunasa litiamu moja kwa moja, kama vile vya haidroksaidi ya alumini vilivyotumika Hombre Muerto tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hukwepa sehemu ya safari hii: litiamu kloraidi hunaswa kati ya tabaka za alumini, magnesiamu hupita, na maji hafifu huiachilia. Bei yake ni maji matamu, ambayo katika mabonde hayo ndiyo haba kuliko litiamu.

Chuja kaboneti yako ingali ya moto, kwenye faneli iliyopashwa joto, na uisuuze kwa maji yaliyo karibu kuchemka, mililita 2 kwa kila gramu, mara mbili. Ukiisuuza kwa maji baridi, kaboneti itakayoteremka na maji ni karibu mara mbili ya ile inayoyeyuka kwenye maji ya moto. Pima sodiamu kwenye kaboneti iliyokauka. Ikizidi asilimia 0.5, irudishe kwenye maji ya moto, ikoroge kwa nusu saa, uchuje tena.